Walaji na Waliwa wa Ghuba ya Winam

Anayetaka kompyuta ifuatilie mbuta (sangara) na fulu, samaki wadogo anaowala, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria huhitaji majina mawili kabla ya hesabu yoyote: la anayekula na la anayeliwa. Tunayo mbuai na mawindo. Mbuai ni neno lenye meno, nalipenda. Mawindo ndilo linalonikera, kwani humwona fulu kwa jicho la mwindaji tu, ilhali katika hesabu fulu naye huzaa na kuongezeka kwa nguvu zake.

Hesabu yenyewe tunadaiwa na Alfred Lotka (1925) na Vito Volterra (1926). Volterra alichochewa na takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adria, alizokusanya Umberto D'Ancona: Vita Kuu ya Kwanza ilipopunguza uvuvi, fungu la papa na wala-samaki wengine sokoni liliongezeka. Hilo hunifurahisha sana. Nadharia ya Volterra ilianzia mezani pa wauza samaki, watu wa kazi ileile ya mama anayepima omena (dagaa) kwa gorogoro hapa Pap Onditi, Nyakach.

Katika kila hatua kompyuta huwaongeza waliwa kwa kuzaa, kisha huwapunguza kwa kuzidisha idadi yao na idadi ya walaji, maana wakiwa wengi pande zote mbili hukutana mara nyingi zaidi. Walaji nao hunawiri kwa walichokula na hufa kikikosekana. Idadi zote mbili hupanda na kushuka, ya walaji ikichelewa nyuma. Mtu wa pwani angesema kupwa na kujaa. Jina hilo nalikataa, na si kwa sababu tu Nyakach haina maji kupwa: bahari huvutwa na mwezi ulio mbali, lakini huku kupanda na kushuka huzaliwa na samaki wenyewe.

Sasa tazama ziwa. Mbuta aliletwa miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amefurika, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Kwa kanuni ile nyepesi, mbuta naye angekonda na kupungua, fulu wapate kupumua. Haikuwa hivyo. Mbuta aligeukia ochonga (uduvi mdogo), omena, na hata watoto wake mwenyewe. Je, mbuta mchanga tumwite mbuai au windo? Hula ochonga asubuhi, jioni akamezwa na mbuta mkubwa.

Ndiyo maana nachagua mlaji na mliwa. Mitaani aliyepunjwa husema ameliwa, na maana hiyo haidhuru kitu. Maneno haya hutoka katika kitenzi kimoja, na samaki mmoja huweza kuyabeba yote mawili bila kujipinga. Mwandishi wa programu akiyafuata atamgawa mbuta kwa ukubwa: mdogo huku, mkubwa kule, kila mmoja na wa kumla.

Kisha atamwongeza mlaji wa tatu: binadamu. Tanzania, katika lugha ya biashara, mnunuzi wa mwisho wa bidhaa huitwa mlaji, na kwa mbuta jina hilo halikosei. Mbuta walipovuliwa kwa wingi katika miaka ya 1990, baadhi ya aina za fulu zilianza kuonekana tena nyavuni. Ni jambo lilelile la D'Ancona, safari hii kwa upande wa pili: Adria nyavu zilipungua, huku ziliongezeka.