Ndaye Mulamba, Mfungaji Aliyefungiwa Mlango

Kijana akijua sana kupiga mpira, watu humwambia: «Nenda Ulaya!» Njia hiyo Wakongo waliifungua zamani. Mwaka 1954 Léon Mokuna, mshambuliaji wa Léopoldville, alikwenda Ureno kuchezea Sporting ya Lisbon. Mwaka 1957 akahamia Gent, katika Ubelgiji. Mwaka uleule Paul Bonga Bonga aliingia Standard ya Liège.

Baada ya Mobutu kutwaa utawala mwaka 1965, mambo yaligeuka. Wachezaji waliokuwa Ubelgiji waliitwa warudi, na waliokuwa nyumbani walikatazwa kuondoka. Nchi ilipata faida: mwaka 1968, kule Addis Ababa, Kongo ilishinda Ghana bao 1 kwa 0, ikatwaa Kombe la Afrika. Lakini faida ya nchi na faida ya mchezaji si kitu kimoja. Habari za Pierre Ndaye Mulamba zatufundisha hivyo.

Alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, ndio Kananga ya leo. Mwaka 1973 alikuwa katika Vita Club ya Kinshasa, nayo ikatwaa Kombe la vilabu vya Afrika. Mwezi wa Machi 1974 akaenda Misri na kikundi cha Zaire. Katika nusu fainali wenyeji walitangulia kwa mabao 2; Zaire ikageuza mambo, ikashinda 3 kwa 2, Ndaye akifunga mawili. Katika fainali alifunga mawili mengine, lakini Zambia ilisawazisha dakika ya mwisho kabisa. Ikabidi kurudia mchezo. Zaire ilishinda 2 kwa 0, na yote mawili ni ya Ndaye. Jumla mabao 9! Hata leo hakuna aliyefikisha hesabu hiyo katika mashindano mamoja ya Kombe la Afrika.

Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani, Yugoslavia iliwafunga mabao 9. Ndaye alitolewa uwanjani mapema kwa kosa la mwenzake, maana mwamuzi aliwachanganya.

Alikuwa na miaka 25, umri ambao mfungaji huuza jasho lake kwa bei njema. Lakini mlango wa Ulaya ulifungwa. Akabaki na sifa, bila akiba ya uzee.

Mwaka 1994 aliheshimiwa huko Tunisia, kwenye Kombe la Afrika. Aliporudi kwao, watu wenye silaha walidhani amepewa fedha nyingi. Wakamvamia, wakampiga risasi mguuni. Basi akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi maskini huko Cape Town. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, wakidhani amekufa. Kumbe alikuwa hai! Alifariki mwaka 2019 huko Johannesburg.

Angalieni basi: alipokuwa na miguu mizima alikatazwa kwenda, mguu ulipojeruhiwa, ndipo alipoondoka. Wakubwa walimwita mtoto wa taifa siku ya kombe. Lakini mtoto hulishwa hata siku zisizo na sikukuu. Anayemzuia kijana asiuze kazi yake mbali, na amlipe haki yake karibu. Makofi hayajazi chungu.