Maji ya Kasi: Kutoka Augsburg Hadi Beijing, na Maporomoko Yetu ya Hale



Mhariri amenitaka niwaandikie vijana wa sasa jambo la historia lisilokuwamo katika vitabu vya darasani. Nimechagua mchezo ambao wengi wetu tuliosoma Lutindi hatujapata kuuona kwa macho: mashindano ya mitumbwi katika maji ya kasi, yaitwayo slalomu. Najua wapo watakaouliza yatuhusu nini sisi watu wa milimani. Wasubiri kidogo.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mmoja huketi ndani ya kayaki, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, akiwa na kafi lenye bapa pande zote mbili. Huteremka penye mawe na mawimbi huku akipita katika malango yaliyotundikwa juu ya maji, kila lango fito mbili zinazoning'inia. Malango ya kijani hupitwa kwa kufuata mkondo. Mekundu hupitwa kwa kupanda, kinyume cha mkondo, na hapo ndipo penye kazi. Ukigusa ufito unaongezewa sekunde 2. Ukikosa lango, sekunde 50, na ushindi usahau. Nguvu peke yake haimfikishi mtu. Mchezaji hodari huyasoma maji: huingia nyuma ya jiwe mahali maji yanaporudi juu, akageuza chombo, kisha akayaacha maji yayo hayo yamsukume. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulishindanisha vipande vya migomba katika vijito vya bondeni, na kila aliyeshiriki anakumbuka jinsi kipande kilivyoweza kunaswa nyuma ya jiwe kikazunguka hapo hapo hata kengele ikalia.

Slalomu iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972, Ujerumani Magharibi ilipokuwa mwenyeji. Mashindano yalifanyika mjini Augsburg, katika mfereji uitwao Eiskanal, maana yake mfereji wa barafu, kwa sababu zamani ulitumika kuondoa barafu isiingie katika mitambo ya maji ya mji. Ujerumani Mashariki walifanya hila ya halali: walijenga kwao Zwickau mfereji wa kuiga ule, wakafanya mazoezi humo, kisha wakaja kuchukua medali zote nne za dhahabu. Ya kayaki ya wanaume ilikwenda kwa Siegbert Horn. Baada ya hapo mchezo uliachwa nje ya Olimpiki kwa miaka 20, hadi Barcelona 1992.

Sasa tufike Beijing, tarehe 12 Agosti 2008. Kila aliyeingia fainali alijumlishiwa muda wa nusu fainali na wa fainali. Baada ya nusu fainali, jina lililokuwa juu kabisa lilikuwa la Benjamin Boukpeti wa Togo. Togo! Nchi ambayo haikuwa imepata medali yoyote ya Olimpiki tangu iwepo. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: Alexander Grimm wa Ujerumani 171.70, Fabien Lefèvre wa Ufaransa 173.30, Boukpeti 173.45. Kati yake na medali ya fedha palikuwa na sehemu 15 za mia za sekunde. Kati yake na dhahabu hazikufika sekunde 2, yaani pungufu ya adhabu ya kugusa ufito mmoja. Kwa furaha alilivunja kafi lake vipande viwili.

Nilifurahi kama Mwafrika yeyote. Lakini mwalimu wa historia hana budi kuuliza: alijifunzia wapi? Boukpeti, ambaye baba yake ni Mtogo na mama yake Mfaransa, alizaliwa Ufaransa mwaka 1981 na huko ndiko alikojifunza. Na Grimm aliyemshinda? Mzaliwa wa Augsburg. Oliver Fix, bingwa wa 1996, naye ni wa Augsburg. Sioni siri nyingine hapo ila mfereji ule wa 1972, ambao watoto wa mji waliukuta mlangoni mwao.

Afrika Mashariki maji kama hayo tunayo, ila tumeyapa kazi nyingine. Kule Jinja, Uganda, safari za watalii katika maji ya kasi ya Nile zilianza mwaka 1996, na vijana wa hapo wakawa mafundi wa kayaki. Kisha bwawa la umeme likafunika maporomoko ya Bujagali, na baadaye bwawa la Isimba likafunika mengine. Simlaumu mtu, nasoma usiku kwa umeme kama ninyi.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mvua ya milima hii humwagikia Ruvu, yaani Pangani, na chini ya Korogwe mto huo huanguka ghafla. Mteremko huo uliendesha mitambo ya Maporomoko ya Pangani tangu miaka ya 1930, ya Hale tangu 1964 kwa megawati 21, na ile mipya ya Pangani tangu 1995 kwa megawati 68. Anachokitafuta mhandisi ndicho anachokitafuta mcheza kayaki: maji yanayoshuka upesi mahali pafupi.

Je, hawawezi kugawana? Marekani waliweza. Mto Ocoee wa Tennessee ulikuwa umebaki mawe makavu, maji yake yakipelekwa kwenye mitambo. Kwa ajili ya Olimpiki ya 1996 walipanga mawe upya, wakafungulia maji, na Fix akashindia hapo. Mamba wa Pangani nao ni hoja, sikatai, ndiyo maana sisemi mtu atumbukie kesho.

Vijana wanaokwenda Hale kwa somo la jiografia huonyeshwa mitambo iliyo chini ya ardhi. Wakitoka waombe pia kuonyeshwa kitanda cha mawe ambamo mto ulikuwa ukipita, hasa wakati wa masika.