Kuidharau Mahakama: Kutoka Boma la Chole hadi Kilindoni

Ukishuka Chole, kisiwa kidogo cha Mafia, hutembei sana kabla ya kukuta gofu la gereza. Paa halipo. Mizizi ya miti imeteremka ukutani kama kamba za jahazi, ikaingia vyumbani walimolala wafungwa.

Wajerumani waliipata Mafia mwaka 1890, wakaitawala kutoka Chole hadi walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Bomani, bwana mkubwa ndiye mtawala, ndiye mkusanya kodi, na shauri likiletwa ndiye hakimu. Amri ya mwaka 1896 iliruhusu viboko visivyozidi hamsa ishirini kwa mara moja. Waarabu, Wahindi na wanawake hawakuguswa. Mtu akimjibu bwana vibaya, angemlalamikia nani? Aliyetukanwa na anayehukumu walikuwa mtu yuleyule.

Jambo hilo halikwisha Waingereza walipokiteka kisiwa Januari 1915. Limo ndani ya kosa lenyewe la kuidharau mahakama. Mtu akitoa matusi mbele ya hakimu, kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu huyohuyo kuamuru ashikwe, kisha kumwadhibu siku ileile kabla mahakama haijainuka. Hakuna upelelezi, wala shahidi haitwi. Ni mamlaka mazito, na naamini yanahitajika, kwa sababu mahakama inayozomewa haiwezi kumlinda mnyonge.

Ndiyo maana utaratibu ni jambo kubwa. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba hata kosa likitendeka mbele ya macho ya hakimu, ni lazima kwanza aandike kiini cha shtaka, amsomee mtuhumiwa, amtake aeleze kwa nini asitiwe hatiani, na amsikilize. Dakika hizo chache za kuandika ndizo zinazomtenga hakimu na yule bwana wa boma.

Haki ya kusikilizwa na kukata rufaa iliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Na dharau si matusi tu. Anayekaidi zuio la mahakama, awe mvuvi au mwenye cheo, anaweza kukamatiwa mali na kuwekwa kifungo cha madai hadi miezi sita.

Basi ndugu msomaji, ukisimamishwa mahakamani Kilindoni kwa kosa hili, omba usomewe shtaka, jieleze, na hakikisha maneno yako yameandikwa kwenye jalada. Usiporidhika, kata rufaa mahakama ya juu.