Picha za Dhahabu ya Kakamega

Wengi wenu mnaijua tabia yetu ya kupitapita kwenye masoko ya vitu vya kale hapa Birmingham, tukisaka picha za kwetu. Za Unguja na Mombasa hazikosi, maana wapiga picha kama A. C. Gomes walikuwa na duka Unguja tangu karne ya 19 na kadi zao zilienea duniani. Adimu ni za miji ya machimbo, na tunazozitafuta zaidi ni za Kakamega, magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu huko. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka na nzige wamekula mashamba, hivyo walowezi waliofilisika wakamiminika na mahema na makarai yao. Lakini ardhi ile ilikuwa hifadhi ya Waluhya. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba hifadhi za Waafrika ni zao milele, na kipande kikichukuliwa, kingine cha ukubwa uleule kitaongezwa. Desemba 1932 serikali ikaibadilisha haraka haraka, fedha zikatosha kuwa fidia. Milele ya serikali ilidumu miaka miwili na ushei!

Ndiyo sababu kwetu picha hizi si mapambo. Mpiga picha alitaka kumwonyesha mchimbaji na hema lake. Nyuma yake, bila kukusudia, aliuchukua mgomba, ua wa boma, na mtaro uliokata shamba la mtu katikati. Tunayo moja ambayo mgongoni imeandikwa jina la Mzungu na jina la mbwa wake. Wanaume sita wenye sururu waliosimama kando hawakuandikwa hata jina moja.

Kutambua umri wa picha hakuhitaji elimu kubwa. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona vitone vitone, imechapwa kiwandani, rangi ikiwa laini moja kwa moja, huenda ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha. Kadi ikiwa na stempu ya Kenya na Uganda peke yake, huenda ni ya kabla ya 1935, kwani mwaka huo Tanganyika iliingizwa katika stempu za pamoja. Wauzaji hawajali hayo. Wao hupandisha bei kwa gari la zamani au bunduki, na watu huuzwa kwa bei ya chini.

Jiji hili lenyewe lina funzo. Sir Benjamin Stone, mbunge wa Birmingham Mashariki kuanzia 1895 hadi 1910, alihamasisha watu wapige picha za mila na majengo ya Uingereza kwa ajili ya vizazi vijavyo, na mwaka 1897 akaanzisha chama cha kazi hiyo. Maelfu ya picha zake zimo katika maktaba kuu ya jiji hadi leo, nyingi zikiwa na maelezo. Alikuwa tajiri, sawa, lakini kuandika maelezo hakugharimu zaidi ya penseli.

Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote Kakamega, ulifungwa mwaka 1952. Waliokuwa watoto wakati wa mbio zile sasa wamepita miaka 90. Nao mjadala haukuzikwa: tangu kampuni ya Shanta Gold ilipochukua utafutaji wa dhahabu huko mwaka 2020, habari za ardhi na fidia zimerudi midomoni mwa watu wa Isulu na Bushiangala.

Kwa hiyo tunatuma nakala nyumbani, kwa wazee, kabla ya kuziweka asili kwenye albamu. Mzee akitambua kilima au uso, tunaandika nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Nanyi mkikuta albamu nzima mnadani, msikubali muuzaji aichane na kuwauzia picha moja moja. Kurasa zilizofuatana ndizo huonyesha shamba lilikuwa wapi kabla ya shimo.