Usonji si laana, wala si kosa la mama

MTANGAZAJI: Labda ulivuka mpaka wa Mpondwe ukiwa na mtoto mgongoni, ukapitia Bwera na Kasese, na leo uko kambini. Mtoto sasa ana miaka minne na hasemi. Ukimwita hageuki. Jirani mmoja anasema ni pepo, mwingine anasema mama alikosea mahali, na wa tatu anasema vita vimemfunga ulimi. Leo tunakusimulia hali iitwayo usonji ilivyojulikana, na kazi waliyoifanya wazazi.

Mwaka 1938, huko Marekani, baba mmoja alimwandikia daktari Leo Kanner barua ya kurasa 33 juu ya mwanawe, Donald Triplett. Alieleza kwamba mtoto hupenda kuzungusha vitu, na hajali mtu akiingia au akitoka. Kanner alimwona Donald, kisha wengine 10, na mwaka 1943 akachapisha habari za watoto hao 11. Usonji ukapata jina. Msingi wake mmoja ulikuwa kumbukumbu ya mzazi.

Lakini lawama hazikukawia. Kwa miaka mingi wasomi wengi walidai kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Aliyewapinga ni mzazi pia: Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa hali hiyo, aliyeandika kitabu mwaka 1964 kueleza kwamba chanzo kiko katika ubongo. Mwaka 1977 utafiti wa mapacha uliofanywa Uingereza ukaonyesha nguvu ya urithi. Kwa hiyo, mama, ukilaumiwa leo, ujue hata wasomi waliwahi kulaumu hivyo, na walikosea.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto asiyetulia wala kusikiliza hadi mwisho, hali ambayo madaktari huita ADHD. Mwaka 1902, mjini London, daktari George Still alieleza watoto wa namna hiyo, na baadhi yao walitoka katika nyumba zenye malezi mema.

Na hapa Uganda? Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichunguza watoto zaidi ya 1,000 wa Kampala na Wakiso. Walianza na maswali 23 kwa mzazi. Mwaka 2014 walitangaza matokeo: usonji upo kwetu pia.

Basi ufanye nini? Hakuna kipimo cha damu cha usonji. Mhudumu humtazama mtoto akicheza, na hukuuliza wewe. Huenda kadi ya kliniki ilibaki Kongo, lakini kumbukumbu hukuiacha. Sema alianza lini kutembea, neno lake la kwanza lilikuwa lipi, na kama alinyamaza kabla ya kukimbia au baada. Aliyekuwa akisema vizuri akanyamaza baada ya shambulio huenda ana jeraha la hofu. Msaada wake ni wa namna nyingine. Omba pia masikio yapimwe.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa Bwera, hospitali ya Bwera iko jirani, na rufaa ya mkoa iko Fort Portal.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini mtoto hujifunza. Kaa chini macho yenu yalingane. Cheza anachokicheza. Taja kitu kwa neno moja, kisha ngoja ajibu kwa njia yake. Kula, kuoga na kulala kuwe na mpangilio uleule kila siku. Usimfunge kamba, wala usimfiche ndani.

Donald alikua, akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Si kila mtoto atafika huko. Wengine watahitaji msaada maisha yao yote. Ila kila mmoja huenda mbali zaidi akishikwa mkono mapema. Ukienda kituoni wiki hii, anza kwa kueleza unayoyakumbuka.