Chifu Aliyekataa Dawa: Mugema, Wamalaki na Dola ya Kikoloni

Baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, kwa hasira ambayo sikuweza kumlaumu: hivi ujinga huu wa kukataa hospitali kwa jina la Mungu umetoka wapi? Wenzake walikuwa na majibu tayari. Umaskini, alisema mmoja. Elimu duni, alisema mwingine. Wa tatu aliwataja wahubiri wa siku hizi wenye vipaza sauti na akaunti za benki. Niliwaomba waniruhusu kuwarudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi Buganda, kwa mtu ambaye hakuwa maskini wala mjinga.

Jina lake lilikuwa Joswa Kate, na cheo chake Mugema. Mugema ndiye mkuu wa ukoo wa Nkima, yaani tumbili, na kwa desturi ndiye mwangalizi wa makaburi ya Makabaka. Chini ya utawala wa Waingereza alikuwa pia chifu wa saza la Busiro, mojawapo ya majimbo makuu ya ufalme. Alikuwa Mprotestanti wa kizazi cha mwanzo, kile kilichojifunza kusoma kwa ajili ya kuisoma Injili. Na aliisoma kwa makini ambayo baadaye iliwatia wasiwasi wale wale waliomfundisha.

Tarehe mbili zafaa kuwekwa pamoja. Mwaka 1896 Biblia nzima ilipatikana kwa Kiganda, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta Kitakule. Mwaka 1897 Dakta Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo. Vyote viwili vililetwa na misheni moja ya Kianglikana, kwa mwaka mmoja tu wa tofauti. Misheni iliviona kuwa ni mikono miwili ya kazi moja. Mugema aliona vinapingana, na sababu kubwa ilikuwa lugha.

Katika Kiganda neno eddagala hutaja dawa ya hospitali, mitishamba na hirizi pia. Omusawo aliyetibu kwa mizizi na pembe ndiye aliyempa daktari Mzungu jina lake. Sisi wa Kiswahili tusicheke. Neno letu "dawa" lina upana ule ule, na hadi leo serikali ya Tanzania humwita msimamizi wa afya wa mkoa Mganga Mkuu, ilhali mtaani mganga ni mtu mwingine kabisa. Sasa mchukue msomaji aliyeambiwa na wamisionari wenyewe kwamba eddagala la mababu ni uchawi, na aliyekwisha kulitupa mbali kwa ajili ya ubatizo. Anaifungua Kumbukumbu la Torati na kukuta uganga umekatazwa waziwazi. Anafika Mambo ya Nyakati na kumkuta mfalme Asa analaumiwa kwa sababu alipougua aliwaendea waganga badala ya Bwana. Halafu anamwona mchungaji wake akipanga foleni Mengo kupokea eddagala kwenye chupa. Mugema alihitimisha kwamba mchungaji ndiye aliyeanguka. Hitimisho hilo lilikuwa na makosa, lakini halikuwa na ujinga ndani yake. Waliomwachia Biblia bila kumfafanulia tofauti ya dawa na dawa walikuwa na sehemu yao katika kosa hilo.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vya historia ya tiba hulipita haraka: je, dawa ya serikali ilikuwa na sura gani machoni pa raia wa kawaida wa Uganda wakati huo? Kuanzia mwaka 1900 malale iliua watu wanaokadiriwa kupindukia 200,000 katika mwambao wa ziwa, Busoga na Buganda. Serikali iliamuru watu wa mwambao na wa visiwani wahame. Mwaka 1906 Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese na kuwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye arseniki. Alipoongeza kipimo, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka moja kwa moja. Muda mfupi baadaye ikaja kampeni dhidi ya magonjwa ya zinaa, iliyosukumwa na makadirio ambayo baadaye yalionekana kuwa yamekuzwa mno. Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya taifa, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa hayo. Tiba, kwa maneno mengine, ilikuja pamoja na amri ya kuhama, sindano na ukaguzi wa mwili. Sisemi kwamba Mugema alikataa dawa kwa sababu ya Koch. Yeye alikataa kwa sababu ya Maandiko. Lakini wengi waliomfuata walikuwa na kumbukumbu zao wenyewe.

Na waliomfuata walikuwa wengi kweli. Mwaka 1914 Mugema aliungana na mwalimu aitwaye Malaki Musajjakawa, wakaanzisha Chama cha Mungu Mmoja Mwenye Uwezo Wote. Watu waliwaita Abamalaki, yaani Wamalaki. Makanisa ya misheni yaliwaweka watu katika madarasa ya ubatizo kwa muda mrefu, na mwenye wake wengi hakupokewa. Wamalaki walibatiza upesi, wake wengi si kikwazo, ilimradi mtu aachane na dawa za kila aina, za mzungu na za mganga. Katika miaka michache walipata wafuasi makumi ya maelfu. Nakiri kwamba si wote waliokuja kwa ajili ya fundisho la uponyaji. Jina la ubatizo lilikuwa hadhi, na hapa lilipatikana bila kusubiri.

Miongoni mwao alikuwamo Semei Kakungulu, jenerali aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda akitumaini kufanywa mfalme huko, kisha akaachwa na cheo ambacho kilizidi kupunguzwa. Kwa mtu kama huyo, dini isiyomtii daktari wa serikali ilikuwa pia dini isiyoitii serikali. Tusitenganishe mno imani na siasa: katika koloni, aliyekataa chanjo alikuwa amepata neno "hapana" ambalo Biblia ya mtawala mwenyewe ililiunga mkono.

Serikali ililielewa hivyo hivyo. Wamalaki walikataa chanjo za watu na za mifugo, na wakati wa tauni wakakataa tena. Mugema alilazimika kuuacha uchifu wake. Mwaka 1929 yeye na Malaki walikamatwa na kuhamishwa mbali na watu wao. Malaki aligoma kula, akafa akiwa uhamishoni kaskazini ya Uganda.

Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Uingereza yenyewe, mwaka 1898, ilitunga sheria iliyomruhusu mzazi kukataa mtoto wake asichanjwe ndui, mradi athibitishe kwamba dhamiri yake inamkataza; mwaka 1907 utaratibu huo ulirahisishwa zaidi. Neno la kisheria la "mpinzani kwa dhamiri" lilipata maana yake katika sindano kabla ya kupata maana yake vitani. Mfanyakazi wa kiwandani huko Uingereza alikuwa na dhamiri mbele ya sheria. Chifu wa Busiro, kwa jambo linalofanana sana na hilo, alikuwa mwasi.

Lakini sitaki kumfanya Mugema shujaa wa uhuru, kama wanavyopenda baadhi ya wanaharakati wetu wanaomgundua kwa mara ya kwanza. Tauni haiulizi dhamiri ya jirani. Na kuna watoto. Uingereza hiyo hiyo iliyoheshimu dhamiri kuhusu chanjo haikuiheshimu kitandani mwa mtoto mgonjwa. Huko Essex lilikuwako dhehebu la wakulima waliokataa madaktari na kuwaita wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta. Mwaka 1868 wazazi wa dhehebu hilo walioshtakiwa kwa kifo cha mtoto wao waliachiwa huru, kwa kuwa walimpenda na waliamini kwa moyo safi. Mwaka huo huo Bunge likaweka wajibu wa kumpatia tiba mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwaka 1875 baba wa dhehebu lile lile alitiwa hatiani licha ya moyo wake safi. Kuanzia hapo swali halikuwa tena mzazi aliamini nini, bali mtoto alipata nini.

Umri huo wa miaka 14 unaonekana tena katika kanuni za adhabu zilizoanza kutumika Kenya na Tanganyika mwaka 1930, katika kifungu kinachomlazimu mkuu wa kaya kumpatia mtoto mahitaji ya uhai. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, imelisema wazi zaidi: matibabu na chanjo ni haki ya mtoto, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumnyima. Nchini Kenya, Februari 2024, washtakiwa wa Shakahola walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191. Mtumishi wa umma anayekwenda kijijini na sanduku la chanjo hana haja ya kubishana na mzee kuhusu mfalme Asa. Mzee ana mwili wake, na akiikataa dawa kwa ajili yake mwenyewe akiwa na akili timamu, bila kuwaambukiza wengine, sioni dola ina kazi gani hapo. Mjukuu wake ni habari nyingine, na ndiye ambaye serikali ya mwaka 1929, iliyohesabu waasi, haikujishughulisha sana kumtaja.

Kakungulu hakudumu na Wamalaki. Aliendelea kusoma Agano la Kale hadi akatahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919, jambo ambalo Wamalaki hawakulikubali, akaanzisha karibu na Mbale jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya. Alifariki mwaka 1928, na katazo la dawa lilipungua nguvu kadiri vizazi vilivyopita. Leo Abayudaya wana kituo chao cha afya mjini Mbale, na wanaotibiwa hapo ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu.