Mitihani Tisa ya Landau

Wapenzi wengi wa fizikia huuliza siku hizi ni elimu gani impasayo mtu kabla ya kuikabili nadharia ya nyuzi, ile isemayo kwamba chembe ndogo kabisa za maada ni mitetemo ya nyuzi zisizoonekana. Nao huuliza kana kwamba swali ni jipya, ilhali lilikwisha kupata jawabu kali tangu miaka ya 1930 huko Kharkov, katika Ukraine, alikofundisha mwanafizikia Lev Landau, mzaliwa wa Baku.

Landau hakumpokea mwanafunzi kwa shahada wala kwa barua ya sifa. Aliweka mitihani tisa, akaiita kima cha chini cha nadharia, jina ambalo nashuku lilikuwa na mzaha ndani yake. Alipohamia Moscow mwaka 1937 aliendelea na desturi ile ile: kijana hupiga simu, akaalikwa nyumbani kwa mwalimu, akaacha vitabu nje ya chumba, akakaa peke yake mbele ya karatasi tupu na swali, na kila baada ya kitambo Landau huingia akamchungulia begani pasi na kusema neno, na kimya hicho kilikuwa rehema, kwani akiguna tu, mtahiniwa alijua amepotea njia.

Wa kwanza ulikuwa wa hisabati, na asiyeweza kukokotoa intigrali bila kusita alirudi kwao. Waliovuka walikuta mekanika, nadharia ya uga pamoja na mafundisho ya Einstein juu ya mvutano, kisha kwanta na mengineyo. Kwa ajili ya masomo hayo Landau na mwanafunzi wake Evgeny Lifshitz walianza kutunga vitabu vilivyofikia juzuu 10, nyingine zikitoka baada ya kufa kwake. Hadi mwaka 1961 waliofaulu mitihani yote walikuwa 43 tu, miongoni mwao Alexei Abrikosov, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2003.

Landau alifariki Aprili 1968, na mwaka huo huo mwanafizikia Gabriele Veneziano alichapisha fomula iliyoizaa nadharia ya nyuzi, akiwa ameichota katika hesabu za mwanahisabati Euler za karne ya 18. Kwa hiyo, msomaji unayezitamani nyuzi, anza na yale masomo ya Landau, kisha uongeze topolojia, ambayo yeye hakuitahini.